Shajara ya mradi: kijitabu juu ya Duma Key

6 Januari

Kazi imeanza rasmi. Ninaandika kijitabu cha Kiswahili juu ya Duma Key, riwaya ya kutisha ya Stephen King iliyotoka Januari 2008. Humu nitaweka habari za kazi kadiri inavyosogea, ili wenzangu wa kikundi cha wasomaji wajue nimefika wapi na wanisahihishe mapema.

Ukimtaja King kwa msomaji yeyote, atakutajia The Shining, It au Misery, mara nyingi kwa sababu ameona filamu. Duma Key haikupata filamu ya kuitangaza. Ilipata tuzo ya Bram Stoker ya riwaya bora ya mwaka 2008, ikasomwa, kisha ikawekwa kando. Wasomaji wengi wana lawama moja juu yake: mwanzo unachelewa, mtu anasoma kurasa nyingi za mgonjwa anayejifunza kutembea kabla ya kukutana na kitisho. Mimi naona kitisho kimeshaanza ukurasa wa kwanza, na kule kupona polepole ndiko hasa kunakotisha. Kijitabu kizima nakiandika kutetea hoja hiyo.

Kwa asiyeijua hadithi: Edgar Freemantle ni mkandarasi wa majengo katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtu aliyetajirika kwa jasho lake. Siku moja kreni inaiponda pikapu yake akiwa ndani, katika eneo la ujenzi. Anapoteza mkono wa kulia, nyonga inavunjika, ubongo unaumia. Ndoa nayo inavunjika. Anafikiria kujiua. Mwanasaikolojia wake, Kamen, anamsihi asubiri kwanza, ahame mji, kisha anamuuliza kama kuna kitu kilichowahi kumfurahisha. Edgar anakumbuka kwamba zamani alikuwa akichorachora. Anapanga nyumba ya rangi ya waridi kwenye kisiwa cha Duma, pwani ya magharibi ya Florida, anashika penseli kwa mkono wa kushoto, na michoro inaanza kutenda mambo.

Kisiwa chenyewe ni cha kubuni. Sarasota, mji wa jirani, ni wa kweli, na ile safu ya visiwa vyembamba vya mchanga mbele ya pwani ni ya kweli pia.

15 Januari

Rasimu ya sehemu ya kwanza imekamilika. Imekuwa ndefu kuliko nilivyopanga na sitaipunguza, maana hapa ndipo penye riwaya.

Nimesoma tena kurasa za mwanzo nikiwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari kila mahali ambapo mwili wa Edgar unatenda kinyume cha anavyotaka mwenyewe. Mistari ni mingi. Anataka kutaja kiti, ulimi unaleta neno la rafiki. Analijua neno, analiona liko pale, lakini halimfikii mdomoni, na hasira inapanda hadi anaona wekundu mtupu. Katika hali hiyo anamshambulia mkewe kwa kisu cha plastiki, na wakati mwingine anamkaba. Kamen anampa mwanasesere, Reba, ili hasira ikija amkazie macho huyo na atafute neno lililopotea, badala ya kuwarukia watu. Mwanamume wa makamo, mwenye kampuni na mabinti wawili wakubwa, anakaa kitandani na mwanasesere mkononi akitafuta jina. King analiandika jambo hili bila kumdhalilisha, na ndiyo maana linauma.

Kisha kuna mbwa. Kabla Edgar hajaondoka Minnesota, mbwa mdogo wa jirani anagongwa na gari mbele yake, anabaki akiteseka, na Edgar anayamaliza mateso yake. Msomaji anayengoja jini au mzuka hupita hapo haraka. Mimi nimelifanya tukio hilo kuwa mhimili wa sehemu ya kwanza, kwa sababu kuanzia pale swali limekwisha kuulizwa: mkono huu ukitenda, ni nani anayetenda? Theluthi ya kwanza inamwonyesha mtu ambaye ulimi na hasira vimemtoka mikononi. Theluthi ya mwisho inamwonyesha mtu ambaye kuna nafsi nyingine inayochora kupitia kwake. Hofu ni ile ile, imekua tu.

Jambo jingine nililotilia mkazo ni kutembea. Kila siku Edgar anatembea ufukweni akihesabu hatua, na kila siku anaongeza chache. Mbali mbele anaona mtu ameketi kwenye kiti karibu na nyumba kubwa, ndiye Wireman, atakayekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Inachukua muda mrefu kufika pale. King angeweza kuwakutanisha kwa ukurasa mmoja, lakini anatutembeza. Urafiki wao unakuwa mzito kwa sababu tumeulipia kwa hatua zile, na baadaye urafiki huo ndio utakaobeba riwaya yote.

19 Januari

Nimetengeneza jedwali la michoro. Mchoro wa kwanza wa kisiwani ni machweo na meli, wa penseli za rangi. Halafu anamchora kijana asiyemjua, mchumba wa binti yake Ilse, hata fulana aliyovaa. Kisha anamchora bila mdomo wala pua mtu aliyemuua mtoto, na mtu huyo anakufa akiwa mahabusu. Kisha anaitoa kwa brashi risasi iliyokuwa imekwama kichwani mwa Wireman. Kisha yanafanyika maonyesho Sarasota, picha zinanunuliwa na kutawanyika.

Nikiitazama safu hii naona ngazi: kwanza anajua, kisha anabadilisha, mwishoni anatumiwa. Jedwali litaingia kwenye kijitabu, ila safu ya mwisho nitaificha.

2 Februari

Wiki hizi zimeliwa na historia ya mkono usiokuwepo, na sijutii hata saa moja.

Katika riwaya, mkono wa kulia wa Edgar unawasha. Haupo, umekatwa, lakini unawasha, na mwasho ukizidi hana budi kuchora. Akimaliza ana njaa kali na usingizi mzito. Nilitaka kueleza sehemu ya kitabibu kwa aya moja, niseme kwamba watu waliokatwa kiungo huendelea kukihisi, niendelee na safari. Nilipoanza kufuatilia nani aliandika habari hiyo kwanza, nikakuta hadithi ndani ya hadithi.

Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, aliwaona wagonjwa wa namna hii katika karne ya 16. Lakini aliyelitia jambo hili katika masikio ya umma ni daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari walioumia mishipa ya fahamu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika hospitali moja ya Philadelphia. Makala yake iliyoipa hali hiyo jina ilitoka mwaka 1871. Miaka mitano kabla, mwaka 1866, alikuwa ameitoa habari hiyo katika jarida la The Atlantic Monthly bila jina la mwandishi, tena kwa umbo la hadithi fupi, "The Case of George Dedlow".

Dedlow ni askari aliyepoteza mikono yote na miguu yote. Anasimulia mwenyewe jinsi anavyohisi viungo ambavyo havipo, jinsi kiungo kinavyouma mahali ambapo pamebaki hewa, na jinsi, kadiri mwili ulivyopungua, hata kujijua kwake kulivyopungua. Mwishoni anapelekwa kwenye kikao cha kuita mizimu. Inayomjia ni miguu yake mwenyewe, iliyohifadhiwa ndani ya pombe katika jumba la makumbusho la tiba la jeshi, ikijitambulisha kwa namba zake za kabatini. Anasimama juu yake, anapiga hatua chache akiyumba mbele ya watu, kisha inatoweka na yeye anaanguka. Wasomaji wengi waliichukua kuwa habari ya kweli, wakataka kumsaidia majeruhi huyo.

Niliposoma hayo niliinuka mezani nikazunguka chumba kizima. Kumbe maumivu haya yalifika kwa wasomaji wa kawaida kwa mara ya kwanza kupitia hadithi ya mizimu! Daktari aliyekuwa na ushahidi wote mikononi alichagua kwanza kisa cha kutisha. King hakuuchukua ugonjwa na kuupaka rangi ya ushirikina. Aliurudisha nyumbani kwake. Hoja hii sikuipanga, lakini sasa ina sura yake katika kijitabu, na naamini ni sura itakayosomwa hata na asiyependa riwaya za namna hii.

Nitamalizia sura hiyo na V. S. Ramachandran, ambaye miaka ya 1990 huko California aliweka kioo ndani ya sanduku. Mgonjwa anaingiza mkono mzima upande mmoja, anautazama kwenye kioo, na jicho linaamini mkono uliokatwa umerudi. Baadhi walisema mkono uliokuwa umekunja ngumi kwa miaka ulifunguka. Tazama hapo: picha tu, taswira ndani ya kioo, na mwili unatii. Edgar na turubali lake hawako mbali na sanduku lile.

11 Februari

Jana tulikuwa na kikao. Nilisoma kwa sauti sura ya mkono na sehemu ya kwanza.

Dada mmoja wa kikundi alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Nilimwomba ruhusa mapema, nikampa kurasa azisome kwanza peke yake. Kikaoni alituambia kwamba usiku vidole vya mguu ule huwasha, mkono wake hushuka wenyewe kuvikuna, ukakuta shuka. Akasema pale Edgar anapokasirika kwa sababu watu wanamwambia ana bahati kuwa hai, alifunga kitabu kwa muda.

Kisha akanigeukia. "Ila kaka, uliandike na hili. Mimi baada ya ajali sikupewa kipaji. Nilipewa magongo na deni la hospitali. Huyu Edgar ana mamilioni, ana nyumba ya pwani, ana kijana wa kumwendesha. Usije ukawaambia watu kwamba ukiumia, Mungu anakulipa kwa sanaa."

Mwalimu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alisema riwaya yenyewe haisemi hivyo, inasema kipaji kile kina mwenyewe anayekidai. Dada akajibu, "Sawa Mwalimu, lakini msomaji anayepita haraka ataondoka na lile la kwanza."

Ana haki. Sura ya kipaji itaandikwa ikiwa na sauti yake mbele, na ameridhia maneno yake yaingie bila jina.

24 Februari

Sura ya kipaji. Ndiyo ngumu kuliko zote.

Upande mmoja kuna watu wa kweli ambao sanaa iliwajia baada ya ubongo kuumia. Tommy McHugh wa Uingereza, mjenzi, alipata mvujo wa damu kwenye ubongo mwaka 2001. Aliponusurika alianza kuandika mashairi na kupaka rangi bila kuweza kuacha, hadi kuta na dari za nyumba yake zikajaa, akaendelea hivyo mpaka alipofariki 2012. Mjenzi! Sina ushahidi kwamba King alimjua, wala sitadokeza hivyo, lakini ukiwaweka McHugh na Edgar kwenye ukurasa mmoja, riwaya inaacha kuonekana ndoto tupu. Naye daktari Bruce Miller na wenzake huko California walieleza katika miaka ya 1990 wagonjwa wa aina moja ya upotevu wa akili ambao, wakati lugha yao inafifia, uchoraji wao unachanua. Maelezo yao kwa ufupi: zile sehemu za ubongo zinazosimamia na kuzuia zinapodhoofika, zile za kuona hubaki bila breki.

Upande wa pili yuko Frida Kahlo. Septemba 1925, jijini Mexico, basi alilopanda liligongana na tramu, naye akavunjika uti wa mgongo, nyonga na mguu. Alianza kuchora kwa bidii akiwa amelala, kwa ubao uliotengenezwa maalumu na kioo juu ya kitanda ili ajione. Hapo hakuna ubongo ulioumia. Kuna muda mrefu, maumivu, na msichana aliyeamua kufanya kazi. Aliyesema ajali ilimpa Kahlo kipaji anamnyima jasho lake.

Je, riwaya iko upande gani? Nimeisoma tena nikitafuta jibu, na nimegundua King amejibu kwa kutumia watu watatu. Edgar alikuwa akichora kabla ya kuumia, akaacha kwa sababu ya biashara, kwa hiyo kreni haikuleta kitu kutoka hewani. Wireman ana risasi kichwani, ameumia kama Edgar au zaidi, lakini hapati uchoraji. Anapata degedege, jicho linalofifia, na mara moja moja kujua mawazo ya mtu. Na Elizabeth Eastlake, bibi mzee mwenye nyumba kubwa, alianguka akaumia kichwa akiwa mtoto mdogo sana miaka ya 1920, akachora maajabu, kisha akaacha kabisa. Aliishi maisha marefu akiwainua wasanii wengine, na sasa uzee unamnyang'anya kumbukumbu.

Watu watatu, vichwa vitatu vilivyopasuka, malipo yasiyofanana. Hakuna mizani hapo. Na yule ambaye malipo yake ni makubwa kuliko wote ndiye atakayedaiwa zaidi. Nimemsomea dada wa kikundi aya hizi kwa simu, akasema, "Hapo sasa umenisikia."

5 Machi

Sura ya mwandishi ni fupi kwa makusudi. Tarehe 19 Juni 1999 King alikuwa akitembea kando ya barabara huko Lovell, Maine, akagongwa na gari. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pengi, nyonga na mbavu vikavunjika, pafu likaumia. Wiki chache baadaye alirudi kwenye dawati, kwa maumivu makali.

Sitaki kijitabu kigeuke wasifu wake. Ninachohitaji ni ulinganisho mmoja tu. Misery, yenye mwandishi aliyevunjika miguu na kulazimishwa kuandika na mwanamke anayemfunga, ilitoka 1987, miaka kumi na miwili kabla ya ajali. Humo mtesaji yupo nje ya mwili: ana jina, ana shoka, anaweza kupigwa akaanguka. Katika Duma Key, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuyapitia, mlazimishaji anakaa ndani ya mwasho wenyewe, na mgonjwa anampenda kwa sababu akimtii maumivu yanatulia. Hakuna mlango wa kuvunja ili utoroke.

Mwanzo wa riwaya ulitoka kwanza kama hadithi fupi, "Memory", katika jarida la Tin House mwaka 2006. Ajali, hasira, talaka na mbwa vyote vimo. Kisiwa na meli havimo. Hiyo inanipa nguvu: kupona ndiko kulikozaliwa kwanza, mizuka ikafuata.

16 Machi

Theluthi ya mwisho. Nimeamua kuisema wazi: ni dhaifu kuliko zile mbili za mwanzo. Kuna safari ya kwenda kwenye nyumba ya kale iliyomezwa na msitu, kuna vikwazo vya njiani, kuna kitu cha kale kutoka baharini, Perse, kinachohitaji kunyamazishwa. Yote yameandikwa kwa ustadi, lakini ni mambo ambayo waandishi wengine wangeyaweza. Misemo ya Wireman, iliyochanganyika na Kihispania, nayo inaanza kuchosha masikio. Ukurasa wa Edgar akihesabu hatua ufukweni hakuna mwingine angeuandika.

Kuna kifo kimoja humo ambacho sitakitaja kwenye kijitabu. Kinatokea mbali na kisiwa, kupitia picha iliyotolewa kwa upendo, na kinakata kabisa ile fikra ya kwamba sanaa imemponya Edgar bure. Nimejadiliana na Mwalimu. Yeye angependa nikichambue, kwa kuwa bila hicho hoja ya deni haikamiliki. Nimekataa. Nitaandika kwamba deni linakuja, na linakuja kwa yule ambaye msomaji amempenda zaidi. Basi. Anayetaka kujua akasome.

Nimezipa nafasi zile kurasa fupi zilizotawanywa katikati ya sura, zinazofundisha namna ya kuchora picha. Mara ya kwanza zinasomeka kama mapambo. Ukirudi baada ya kumaliza, unaona zinamfuata mtoto mdogo aliyechora miaka ya 1920, na kwamba tangu mwanzo Edgar alikuwa akisimulia misiba miwili kwa pamoja, wake na wa Elizabeth.

22 Machi

Rasimu nzima iko mezani. Mpangilio: mwili unaoasi, mkono usiokuwepo pamoja na Dedlow, jedwali la michoro, kipaji na deni, Misery kwa ufupi, kisha kurasa za namna ya kuchora. Sura ya Dedlow ndiyo ndefu kuliko zote na itabaki hivyo. Mwalimu amechukua nakala kusahihisha lugha. Dada amekubali kusoma sura ya kipaji kwa sauti kikao kijacho, na amesema aya yoyote itakayomkwama kooni ataiwekea alama.

Jalada bado. Sitaki fuvu wala damu. Nimemwomba kijana mmoja anayechora atujaribie machweo na meli kwa penseli za rangi, kwa mkono wake asioutumia.

Kimebaki kitu kimoja cha kukagua. Nataka kuilinganisha "Memory" na sura ya kwanza mstari kwa mstari kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji. Hadithi hiyo ilichapishwa tena mwaka 2007 mwishoni mwa Blaze, riwaya aliyoitoa King kwa jina la Richard Bachman. Mwenye nakala yake na aniazime, nitairudisha ikiwa na jalada jipya la plastiki.